Bibi Aliyeniazima Shamba la Mgongoni

Wageni wanaofika kwangu huku Mgeta hawaingii ndani moja kwa moja. Husimama kwanza kibarazani, wakashika kiuno, wakavuta pumzi, kisha wakasema yale yale: jamani, Mwalimu, wewe umeipata pepo mapema. Huyasema wakitazama bonde linavyoshuka, mashamba ya njegere na kabichi yamebandikwa kwenye miteremko, ukungu umelala makorongoni, maji yanasikika lakini hayaonekani. Siku isiyo na mawingu huiona hata tambarare ya Morogoro, mbali kule chini, kwenye joto lake. Halafu huniuliza nilipataje mahali kama hapa. Mimi huwaambia chai imeiva, tuingie.

Leo nataka kulijibu swali hilo, na siwezi kulijibu bila kumweleza mwenyeji wangu. Jina lake sitalitaja. Watu wake wapo, na mimi si mtu wa kuwaomba ruhusa ya kitu kingine chochote. Alizaliwa lini na ukoo wake ulitokea wapi, hayo wanayajua wenyewe. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu katika miaka kumi na kidogo niliyomfahamu, pamoja na lile nililomfanyia.

Nilipanda huku miaka michache baada ya vita vikuu vya pili kwisha. Nilikuwa kijana wa mjini, mtoto wa mtu wa duka dogo pale Morogoro, nimepangiwa kufundisha katika shule ya udongo yenye madarasa mawili. Lori lilinishusha barabara ilipoishia, nikaanza kupanda na sanduku langu na viatu vya ngozi vyenye soli laini. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Baada ya hatua ishirini nilikuwa nimeshika majani kwa mikono yote miwili, magoti chini. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu.

"Mwalimu, unasali? Mbona kibla si huko?"

Nikageuka. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miguu mitupu, tenga tupu kichwani na rozari shingoni. Alikuwa ameshusha kabichi mpaka kwenye malori na sasa anarudi. Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu na kwamba ni Mwislamu, lakini mlimani habari hupanda haraka kuliko mtu. Alilichukua sanduku langu, akaliweka juu ya tenga, akanipita. Hakunishika mkono. Alisema tu, "Kanyaga pale ninapokanyaga," na mimi nikafanya hivyo mpaka juu. Tangu siku hiyo yeye alikuwa mwenyeji wangu, na mimi nilikuwa mgeni wake, na wote wawili tulijua maana ya maneno hayo. Mimi nilijifanya nimeisahau baadaye.

Alikuwa na uchoyo wa ajabu, na uchoyo wenyewe ulikuwa wa chumvi. Chumvi yake aliifunga kwenye pindo la kanga, wala hakuiacha jikoni hata siku moja. Ukila kwake ulikula magimbi, ndizi za kuchemsha, maharage mpaka ushindwe kusimama, lakini chumvi alikutolea yeye mwenyewe, kwa ncha ya vidole, huku akikutazama usoni. Nilipomletea kopo zima kutoka mjini, aliligawa kwa majirani siku ile ile, kisha akaendelea kubana ile iliyokuwa kwenye pindo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ile ilikuwa yako, hii ni yangu."

Jumapili alishuka misheni kwa miguu, akaondoka kabla ya jua na kurudi mchana, hata mvua ikimwagika. Lakini msimu wa kupanda ukikaribia alipika pombe kidogo, akaenda kwenye makaburi ya wakubwa wake, akamimina. Katekista alimfuata mpaka nyumbani kumkaripia. Nilikuwepo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kiti, akasema, "Padre kanifundisha kumwomba Mungu, namwomba. Hawa siwaombi. Nawasalimia tu, wasije wakasema nimewasahau." Katekista alikula viazi akaenda zake.

Habari ya uzuri wa mlima ndiyo tuliyobishania sana. Mimi nilikuwa mgonjwa wa mandhari. Niliandikia rafiki zangu mjini barua ndefu juu ya baridi ya asubuhi, maji ya kunywa bila kuchemsha, usingizi usio na mbu. Nilisimama njiani kutazama bonde hata watoto wakafika darasani kabla yangu. Yeye akinikuta nimesimama hivyo aliniuliza, "Umepoteza nini?" Nikimwambia natazama tu, anacheka. "Kutazama nini? Mimi naishi humo humo." Aliamini watu wa chini ni wavivu kwa sababu ardhi yao imelala na wao wamelala nayo. "Chini ni kwa mbu na makarani," alizoea kusema, na kila mara aliniambia hivyo kana kwamba mimi si mmoja wao.

Hata hivyo nyumba yake ndiyo pekee kijijini ambayo mlango ulielekea bondeni. Majirani wote wamegeuzia mlima milango yao, maana upepo wa bondeni huleta baridi na hurudisha moshi ndani. Yeye alikohoa miaka yote kwa moshi ule. Nilimuuliza kwa nini hakugeuza mlango, akasema ni kwa ajili ya kuangalia kuku. Kuku wake walikaa nyuma ya nyumba.

Katika jambo la ardhi hakuwa mchoyo hata chembe. Ardhi ya ukoo wao ilishikwa na wanawake, na yeye ndiye aliyeiangalia. Mtu asiye na mahali alikwenda kwake, akakaa chini, akasema maneno yanayojulikana: nimekuja kwako, mwenye shamba, sina pa kulima, nitazamie kipande. Naye humtazamia. Hakukuwa na karatasi. Kila mavuno mgeni alimpelekea kapu la kwanza, yeye akachota konzi moja, akalirudisha kapu. Konzi ile ilisema kwamba shamba ni lake, na kapu lililorudi lilisema kaa, ulime tena.

Mimi alinipa kipande mgongoni, mahali hapa hapa ninapokaa. Kilikuwa kidogo, lakini ukisimama pale uliona pande zote. Nilimwomba hicho, naye akanitazama kwa muda, akajua kabisa kwamba siombi kwa sababu ya maharage. "Hicho nimemwekea Teresia," alisema. Teresia alikuwa mjukuu wake, msichana wa miaka kumi hivi, mwanafunzi wangu. "Lima wewe mpaka aolewe. Mume wake akija kukaa kwetu, wapate pa kuanzia." Huku ndivyo ilivyokuwa: mwanamume humfuata mke kwenye ardhi ya mama zake. Nikasema nimeelewa. Akaongeza jambo moja. "Panda mboga, panda maharage, panda unachotaka. Mti usipande."

Sababu ya katazo hilo aliijua kila mtu. Mti ni wa aliyeupanda, popote uliposimama, na mti ukishasimama hauondoki msimu ukiisha. Mgeni aliyepanda mti ameanza kukaa.

Nilipanda mti. Nilipanda saba. Misheni walikuwa na miche ya mapichi, na mimi nilikuwa nimekwisha kuona akilini mwangu mapichi yakichanua waridi juu ya bonde, na nyumba katikati yake, na mimi nimekaa kibarazani. Nilijiambia ni miti midogo tu. Alipokuja kuiona ilikuwa imeshika. Alizunguka yote saba, akagusa mmoja, akasema, "Mwalimu, nilikuambia." Nikasema, "Bibi, nisamehe, nimependa tu mahali. Siku ya Teresia nitaikata mwenyewe." Akasema, "Haya. Nimesikia neno lako." Akachuma majani ya maboga yangu kwa ajili ya jioni, kama alivyozoea, maana aliingia shambani mle bila hodi, akachuma anachotaka, akaenda.

Sasa lipo jambo moja la desturi ambalo msomaji lazima alijue, ama sivyo hataona ubaya wangu. Huku mwenye ardhi hasimami mbele ya mgeni wake akasema "hili ni langu". Kufanya hivyo ni kumwita mgeni mwizi mbele za watu. Anayetakiwa kusema ni mgeni. Niliwahi kuliona hilo kwa macho yangu kwenye baraza, ugomvi wa mpaka ulipotokea. Mzee mmoja aliyelima kwa kuazimwa alisimama, akavua kofia, akasema, "Mimi hapa nimewekwa tu, mwenyewe ni yule mama." Na mwenyeji wangu, aliyekuwa akisemwa, alitazama chini akichezea majani, utadhani habari hiyo haimhusu. Niliwaza siku ile kwamba hawa ni watu waungwana kuliko sisi wa mjini. Nilimwandikia hata rafiki yangu barua juu ya jambo hilo, kwa fahari, kana kwamba uungwana huo ulikuwa wangu.

Ilipofika miaka ya hamsini yakaja mambo ya matuta. Watu waliambiwa wachimbe ngazi kwenye miteremko ili udongo usichukuliwe na maji, na ili ijulikane nani achimbe wapi, kila shamba liandikwe jina la mwenyewe. Watu walichukia. Wengine walikimbilia porini siku ya kuandikwa, wakiamini kwamba anayeandikwa ndiye atakayechukuliwa shamba. Mwenyeji wangu hakukimbia. Bwana shamba alipopanda mgongoni, akiwa na jumbe wetu na karani mwenye daftari, yeye alikuwa amesimama njiani na jembe lake, hatua chache kutoka nilipokuwa mimi.

Karani alikuwa kijana wa Morogoro. Tuliwahi kucheza mpira pamoja. Alitazama mapichi, ambayo mwaka huo yalikuwa yamechanua kwa mara ya kwanza, akaniuliza, "Miti hii ya nani?"

"Yangu," nikasema. Na huo ulikuwa ukweli.

"Na shamba je?"

Jumbe alijua. Lakini jumbe alikuwa akiniletea barua zake zote nimsomee, naye alitazama vidole vya miguu yake. Mwenyeji wangu alitazama chini. Alikuwa akichezea mpini wa jembe kwa kidole gumba, anangoja. Hakuwa na wasiwasi, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alikuwa ametulia kama mtu aliyemtuma mtoto wake dukani na anajua atarudi.

Bwana shamba hakuwa akisikiliza. Alikuwa ametazama bonde, mikono nyuma. Akasema kwa Kiswahili chake cha Kizungu, "Mahali pazuri sana hapa."

Nami nikasema, "Ndiyo, bwana. Pazuri sana."

Hilo ndilo jibu nililotoa. Sikusema shamba ni langu. Nimejitetea kwa jambo hilo mara elfu, kwamba sikusema uongo hata neno moja. Karani aliandika jina langu, wakaenda shamba la pili. Mwenyeji wangu alinyanyua macho, akanitazama kidogo, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona mtu fulani. Kisha akaweka jembe begani akashuka.

Siku tatu baadaye nilikuwa napalilia. Nikasikia sauti kwenye mpaka: "Hodi." Nikainua kichwa. Alikuwa yeye, amesimama nje ya mstari wa kwanza wa maharage, na kikapu chake, anangoja aitikiwe. Alitaka majani ya maboga. Sikuwahi kusikia neno baya kuliko lile. Nikasema, "Bibi, ingia, unapigaje hodi?" Akasema, "Si vizuri kuingia kwa watu hivi hivi." Akachuma machache, akashukuru, akaondoka. Tangu siku ile hakuingia tena bila hodi.

Mavuno yalipofika nilimpelekea kapu. Nilichagua maharage makubwa, nikalijaza mpaka likafurika. Hakutia mkono. "Rudi nayo, Mwalimu. Hayo ni yako." Nikamsihi, nikamwambia ni makosa ya karani, nitayarekebisha akija tena. Akaniitikia kwa upole, "Haya, mwanangu." Karani hakuja tena. Baadaye kazi ya matuta yenyewe ikavurugika, watu wakakataa kabisa, ikaachwa. Lakini daftari lilibaki kwa jumbe, na kila ugomvi ulipotokea lilifunguliwa, na lilichosema likawa ndicho. Njia ya kwa jumbe ilikuwa mwendo wa nusu saa. Ningeweza kwenda siku yoyote nikasema futa, andika hivi. Niliipita njia ile kila siku ya kazi.

Sikuwa nimemchukia, wala sikuwa na njaa. Nilikuwa na mshahara. Nilipapenda tu mahali, na nilidhani kupenda mahali kule kulinipa haki ambayo yeye, asiyesimama kutazama, hakuwa nayo. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Teresia aliolewa. Kijana aliyemwoa alitoka kijiji cha mbali, mpole, mikono mikubwa, amekuja na jembe jipya. Harusini nilikaa kwenye viti vya mbele, nikatoa hotuba. Hakuna aliyelitaja shamba la mgongoni, na mapichi hayakukatwa. Walikaa kwa bibi mwaka mmoja, wakilima vipande viwili vilivyochoka karibu na nyumba, kisha wakashuka tambarare kwenye kazi za mkonge. Mwenyeji wangu aliwasindikiza mpaka kwenye lori. Nilikutana naye akirudi, tenga tupu kichwani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akasema, "Marahaba, Mwalimu. Wameshuka." Nikasema watapata fedha huko. Akasema huenda.

Mimi mwenyewe nilihamishiwa mjini muda si mrefu baadaye, nikapanga nyumba Mafiga, nikaoa. Shamba nilimwachia jirani aliangalie, na kila likizo nilipanda mlima kujenga kidogo kidogo msingi wa mawe kati ya mapichi, kwa ajili ya uzee wangu. Katika likizo hizo nilimsalimia mwenyeji wangu. Alizidi kukohoa. Alifariki masika moja, nami nilipata habari amekwisha kuzikwa. Lakini kabla ya hapo, mwaka mmoja hivi, alikuja kwangu, na hilo ndilo la mwisho ninalotaka kulieleza.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Mke wangu aliniita akasema kuna bibi mlangoni, miguu yake imejaa vumbi. Alikuwa ameshuka kwenye lori juu ya magunia ya kabichi, yeye ambaye sikuwahi kusikia amelala chini ya mlima. Nikaruka kumpokea. Nilimletea kiti, akakikataa. Akakaa chini, kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akanywa maji. Alitupa habari za juu: nani amezaa, mvua ikoje, daraja gani limebebwa na maji. Kisha habari za Teresia. Alikuwa ametoka kumwona kwenye kambi ya mkonge. Mtoto wake wa kwanza homa haimwachi, macho yamekuwa ya manjano, na mwingine yuko njiani.

"Nataka warudi juu," alisema. "Mtoto atakufa kule."

Nikasema, "Ni kweli, Bibi, warudi."

Halafu akafunga kanga yake vizuri, akakunja miguu, akatazama mkeka, akasema maneno ambayo alikuwa ameambiwa maisha yake yote na ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu:

"Nimekuja kwako, mwenye shamba. Nina mtoto hana pa kulima. Nitazamie kipande."

Nilijua la kujibu. Mtoto wa darasa la kwanza angejua. Bibi, shamba ni lako. Maneno manne, nilikuwa nayo mdomoni, naapa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, hajui lolote, ananitazama kwa fahari kwamba mumewe ni mtu anayeombwa ardhi. Nikaufikiria msingi wangu wa mawe, na kibaraza, na upande ambao kibaraza kingeelekea.

"Teresia achukue pale chini, Bibi," nikasema. "Kuanzia chini ya mstari wa mapichi. Mimi huku juu kunanitosha."

Alingoja kidogo. Nadhani alikuwa akinipa nafasi, kama siku ile ya daftari. Kisha akauliza, "Kwa muda gani, Mwalimu?"

"Muda wowote anaotaka," nikasema, na sauti yangu ilitoka pana, ya mtu mkarimu. Niliisikia mwenyewe.

Mwenyeji wangu akapiga magoti pale mkekani, mzee yule, akakutanisha viganja vyake, akanishukuru. Alinishukuru kikamilifu, bila kejeli, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyomshukuru aliyempa ardhi.

"Asante, baba. Mungu akuzidishie."

Nami nikaitikia, "Amina."